Sarafu za Kilwa zilizookotwa kaskazini mwa Australia: nani alizifikisha kule?

#1 MwanaSingino

Wakuu salaam.

Naleta jambo ambalo sijaona likijadiliwa kwa kina na sisi wenyewe, wakati ni letu.

Mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, mwanajeshi wa anga wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kwenye kituo cha rada kisiwani Marchinbar, katika visiwa vya Wessel, kule juu kaskazini mwa nchi yao. Akiwa ufukweni na ndoano yake aliokota sarafu tisa mchangani. Akazitia kwenye kopo, zikakaa humo miaka na miaka. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zichunguzwe. Nne zikaonekana ni za Kampuni ya Kidachi ya India Mashariki, ile VOC. Tano ni za Kilwa. Kilwa Kisiwani hii hii yetu.

Kutoka Kilwa hadi Wessel ni zaidi ya kilomita 10,000 za maji. Nje ya mwambao wetu sarafu hizi ni adimu mno. Kuna ile ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Zimbabwe Kuu, nyingine zinatajwa kuonekana Oman, halafu ghafla Australia!

Kinachonichoma ni hiki. Kila ninaposoma maelezo napewa Mreno, Mdachi, mvuvi wa Makassar. Mtu wa Kilwa mwenyewe anatajwa mwisho, au hatajwi kabisa. Kwani wazee wetu walikuwa wanakaa ufukweni kusubiri wageni waje? Tujadili, nani alizifikisha kule?

#2 Pweza_Mkavu

Naweka kambi. Uzi wa aina hii ndio unaonifanya nilipie bando.

#3 MpimaTabaka

Mada nzuri, mkuu, ila tuanze na kinachojulikana kabla hatujapanda chombo.

Sarafu hizo ziliokotwa, hazikufukuliwa. Hakuna tabaka la udongo lililozifunika, hakuna kigae pembeni yake, hakuna mkaa wa kupima umri. Isenberg alibaki na ramani ya mkono yenye alama ya X tu. Mwaka 2013 Ian McIntosh, mwanaanthropolojia, aliongoza timu kurudi pale kutafuta. Hawakupata hata sarafu moja ya nyongeza.

Pili, sarafu za Kilwa hazina mwaka. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno hayo yametungwa yaoane kwa kina na jina lake. Ali bin al-Hasan, kwa mfano, amepewa maneno yanayoishia "al-minan". Kazi nzuri sana ya ushairi kwenye kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini haikupi tarehe. Na sarafu za huyo Ali zinaendelea kuonekana kwenye tabaka za karne nyingi baada yake. Kwa hiyo umri wa sarafu hautuambii safari ilifanyika lini.

#4 Kanali Mtoro

Mbona jibu liko wazi? Mreno.

Julai 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, wakajenga ngome, ile Gereza unayoiona mpaka leo pale Kisiwani. Wakakaa hadi 1512. Katikati ya hapo wakachukua Goa kule India 1510 na bandari ya Malacca kule Malaysia 1511, kisha wakasogea mpaka Timor. Kutoka Timor hadi kaskazini mwa Australia si mbali. Askari yule yule aliyepora Kilwa anaweza kuwa alivuka bahari yote na vijisarafu mfukoni. Miaka inaoana, njia inaoana. Mnatafuta nini zaidi?

#5 BintiKivinje

@Kanali Mtoro hoja yako naielewa, ila rekebisha hapo kwenye Gereza. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, wamelijenga juu ya mabaki ya ile ngome ya Wareno. Nimekulia ng'ambo ya pale, tumefundishwa hivyo na walinzi wa magofu tangu tukiwa wadogo.

#6 Kanali Mtoro

Haya, kuta ni za Mwomani, uporaji ni wa Mreno. Hoja inabaki pale pale.

#7 Jongoo la Bahari

Nyote mmeziruka zile sarafu nne za Kidachi. Kongwe kabisa ni ya 1690 na nyingine zinafika miaka ya 1780. Kama zote tisa zilianguka pamoja, basi zilianguka baada ya ile changa kuliko zote. Mreno wa 1512 hawezi kudondosha sarafu ya 1780.

Nani alikuwa anapita pwani ile karne ya 18? Wavuvi wa Makassar, kutoka Sulawesi. Walikuwa wakishuka na pepo za mwezi Desemba kwenda kuvua majongoo bahari Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, wanayachemsha, wanayakausha kwa moshi, wanarudi kwao pepo zikigeuka kama mwezi wa Aprili. Mzigo unaishia China. Biashara hiyo ilidumu mpaka 1907, serikali ya kule ilipoifunga. Kwenye makambi yao ya zamani mpaka leo kuna mikwaju, imeota kutokana na mbegu za ukwaju waliokuja nao.

Kwangu mimi ni Mmakassar mwenye mkoba wa vishaba vya kila aina. Bandari zao zilijaa fedha za mataifa yote.

#8 MwanaSingino

@Jongoo la Bahari nani kasema zilianguka pamoja? Kuokotwa sehemu moja ya ufukwe si ushahidi kwamba mmiliki ni mmoja. Bahari inakusanya. Mzee wangu alikuwa akiniambia pale kwetu baada ya bamvua kubwa unakuta kifungo cha juzi kimelala na ushanga wa kale kwenye mstari mmoja wa takataka.

Na hata kama ni mkoba mmoja wa Mmakassar, swali linabaki, za Kilwa zilifikaje Makassar?

#9 Nahodha wa Songosongo

Assalam alaikum wanangu. Mimi si msomi wa mambo ya kale, ila nimeshika usukani wa jahazi tangu enzi za matanga matupu kabla ya mashine. Niruhusuni niseme ya upepo.

Ukiangalia ramani, Kilwa na hicho kisiwa cha Wessel viko karibu mstari mmoja, kimoja kama digrii 9 kusini, kingine kama 11. Kijana anaona mstari ulionyooka anadhani ni rahisi. La hasha. Ukitoka Kilwa na kuelekeza chombo mashariki moja kwa moja, sehemu kubwa ya mwaka upepo wa kusini-mashariki unakupiga usoni. Chombo cha tanga la pembetatu kinakwenda joshi, yaani kinakata kuukabili upepo, ndiyo, lakini si kwa wiki na wiki katika bahari isiyo na kisiwa cha kuchotea maji.

Njia ya kweli ni ya kuzunguka. Unatoka Kilwa na kusi linapoanza, Aprili hivi, unapanda Malindi, unaangukia Uarabuni au Gujarati. Unakaa huko. Ukitaka kwenda mashariki zaidi unangoja msimu wako, unapanda chombo cha huko mpaka Malacca. Malacca unangoja tena, maana upepo wa kukushusha visiwani kuelekea Timor ni wa Desemba mpaka Machi. Hapo ushakula misimu mingi ugenini, pengine umeshaoa.

Kwa hiyo nasema inawezekana mtu wa Kilwa kufika. Lakini hakufika kwa jahazi la Kilwa. Alifika kwa vyombo vya watu, bandari hadi bandari.

#10 Pweza_Mkavu

Shikamoo Nahodha. Hiyo ya "pengine umeshaoa" umeitamka kwa uzoefu mkubwa mno mzee wangu.

#11 Nahodha wa Songosongo

Marahaba. Sur, kule Oman, nina watoto, halali yangu. Tuendelee na mada.

#12 Kizimkazi Dimbani

Ninaheshimu ya Nahodha lakini nina swali. Waliojaza Madagaska walitoka wapi? Kisiwa cha Borneo na jirani zake. Lugha ya Kimalagasi ni ndugu wa lugha za kule. Wachimbuaji wamepata mpunga na choroko kwenye makazi ya kale ya Ngazija na visiwa vyenzake, mazao ya Asia, wakati huku kwetu bara zama hizo chakula ni mtama, uwele na kunde. Na ngalawa yetu yenye matengo mawili ubavuni, fundi anayeichonga leo Nungwi anafuata umbo ambalo asili yake iko huko visiwani mashariki. Kwa hiyo bahari ilivukwa, na ilivukwa mapema. Kama wao walikuja, sisi tulishindwaje kwenda?

#13 Mpemba wa Kojani

@Kizimkazi jibu lako liko kwenye pwani yetu. Mwaka 2016 hapa Pemba kiliokotwa kipande kikubwa cha bawa la ndege, na wachunguzi wakathibitisha ni cha ile ndege ya Malaysia MH370 iliyopotea 2014. Inaaminika iliangukia kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa Australia. Kipande kimeelea chenyewe mpaka kwetu. Mwaka mmoja kabla, kipande kingine kilitua Réunion.

Maana yake mkondo wa kusini ya ikweta unatembea kutoka mashariki kuja magharibi. Waliotoka Borneo walikuja na mkondo na upepo mgongoni. Wewe unataka kurudi kinyume chake. Njia ya kuja si njia ya kwenda.

#14 Kizimkazi Dimbani

Hapo umenibana kwenye mkondo, si kwenye watu. Waliokuja hawakukata mguu na kwao. Chombo kinachokuja kufanya biashara kina mpango wa kurudi, na kikirudi kinabeba mabaharia wa huku.

#15 Mwandani

Nahodha amegusa Malacca, nami nitie mkaa. Tomé Pires, Mreno aliyeishi Malacca kati ya 1512 na 1515, aliandika orodha ya wafanyabiashara waliokuwa wakifika mji ule. Anawataja kwa jina watu wa Kilwa na wa Malindi. Hakusema "watumwa wa Kilwa", anawaorodhesha pamoja na watu wa Aden, Hormuz na Waajemi, wafanyabiashara.

Kwa hiyo kabla ya kumtafuta askari wa Almeida mwenye mfuko wa nyara, tunao watu wa Kilwa wenye shughuli zao Malacca. Kutoka hapo mpaka Timor, njia ya msandali, kuna chombo kila msimu.

#16 MwanaSingino

@Mwandani Mungu akubariki. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta.

#17 MpimaTabaka

Na mimi nimefurahi, ila Malacca si Marchinbar. Orodha ya Pires inatufikisha nusu ya njia. Nusu iliyobaki tunaijaza kwa hamu yetu.

Halafu kuna suala la shaba yenyewe. Hizi zilikuwa fedha za sokoni Kilwa, Songo Mnara, Mafia. Hata bara tu pale nyuma ya pwani hazionekani. Biashara ya mbali ilikwenda kwa dhahabu ya Sofala, pembe, nguo, shanga. Hakuna mtu wa Gujarati ambaye angepokea kishaba cha Kilwa kwa bei yoyote ya maana. Sarafu hizi kusafiri mbali kunahitaji maelezo tofauti na ya bidhaa kusafiri.

#18 BintiKivinje

@MpimaTabaka lakini hoja hiyo inamsaidia mleta uzi! Kama sarafu haina thamani kwa mgeni, nani atahangaika kuibeba? Yule ambaye kwao ina thamani. Mtu anayeondoka na chenji mfukoni akitumaini kurudi. Mpora mali anabeba dhahabu.

#19 Kanali Mtoro

Au anayeokota chochote chenye maandishi akidhani ni dhahabu. Msiwatukuze sana askari wa 1505.

#20 Mambrui Finest

Habari za jioni kutoka pwani ya Kenya. Uzi umenoga.

Niwaonyeshe kitu. Mwaka 2010 hapa kwetu Mambrui, karibu na Malindi, timu ya Wakenya na Wachina ilifukua sarafu ya Yongle, mfalme wa China, ya kati ya 1403 na 1425. Mwaka 2013 nyingine ikapatikana kisiwani Manda, timu ya Chapurukha Kusimba. Magazeti yote siku hiyo hiyo: Zheng He, amirali wa mfalme wa China! Merikebu zake za hazina! Twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wa China 1415!

Sasa angalieni. Sarafu moja ya China ikionekana Kenya, Mchina kafika. Sarafu tano za Kilwa zikionekana Australia, Mswahili hakufika, kabebewa. Mizani gani hii? Aidha sarafu ni ushahidi wa mwenye sarafu kufika, au si ushahidi. Isiwe inategemea nani anapima.

#21 Pweza_Mkavu

Wakenya mmechelewa kuingia ila mmeingia na nyundo.

#22 Kizimkazi Dimbani

@Mambrui Finest kwa haki, hata ya China haitoshi. Kajengwa, Makunduchi, mwaka 1945 lilipatikana fungu la sarafu za Kichina, nyingi za enzi ya Song, yaani zimeachwa ardhini muda mrefu kabla Zheng He hajazaliwa. Hakuna anayesema meli za mfalme wa China zilifika Makunduchi karne ya 13. Zilipita mkono kwa mkono. Vivyo hivyo na kauri zilizopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi.

#23 Mambrui Finest

Sawa kabisa, na ndiyo hoja yangu. Kanuni iwe moja kwa wote.

#24 Faraji wa Masoko

Mimi naishi Kilwa Masoko, nina ndugu Kisiwani. Niseme la kwetu.

Sarafu hizi sisi si hadithi ya vitabuni. Masika mvua ikikokota udongo, watoto wanaziokota kwenye vijia vya kuelekea Msikiti Mkuu na ufukweni maji yakikupwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nazo, amezifunga kwenye kitambaa pamoja na shanga nyekundu za kioo. Ukiiosha kwa ndimu inatoka kijani, unaona mistari ya herufi imebanwa mpaka ukingoni, nyingine herufi zimekatika kwa sababu pigo la mhunzi halikukaa katikati. Nyepesi, huisikii mkononi.

Na wageni wamekuwa wakizinunua au kupewa tangu zamani. Bibi alisema wakati wa utoto wake wazungu wa melini walikuwa wakiziomba. Je, hamuoni kwamba zinaweza kuwa zimefika Australia karne ya 20 tu?

#25 Jongoo la Bahari

@Faraji umefungua mlango ambao sikuwa nimeuona. Mwaka 1915 Waingereza walipoizingira ile manowari ya Kijerumani Königsberg mdomoni mwa Rufiji, meli moja ya kuzingira ilikuwa HMAS Pioneer, ya jeshi la majini la Australia! Mabaharia wa Australia walikuwa maji haya haya, Mafia na Rufiji, jirani kabisa na Kilwa. Baharia ana vishaba vya ukumbusho anarudi navyo kwao, miaka 30 baadaye ni vita tena, kituo cha rada, watu wanapita...

#26 MwanaSingino

@Jongoo hapo umevuta kamba mpaka imekatika. Yaani mtu atunze vishaba tangu Rufiji, avipeleke kisiwa ambacho hakuna mji, akavidondoshe pamoja na sarafu za Wadachi za karne ya 18?

#27 Jongoo la Bahari

Wewe ndiye uliyesema zisihesabiwe pamoja, bandiko namba 8. Nimekufuata.

#28 Pweza_Mkavu

Mleta uzi kanaswa na wavu wake mwenyewe, haya aseme.

#29 MwanaSingino

Nasema hivi: kumbukumbu ya fedha za kigeni inakaa mezani au kabatini. Kisiwa cha Wessel kiko kwenye njia ya vyombo vya kale. Hilo halijajibiwa.

#30 Ustaadh wa Kariakoo

Mnapoteza muda. Kilwa ilijengwa na Washirazi, Habari za Kilwa, ile tarikh ya kale ya mji wenyewe, zinasema Ali bin al-Hasan alitoka Shiraz, Uajemi. Sarafu zina Kiarabu. Kwa hiyo hata kama "mtu wa Kilwa" alifika Australia, alikuwa Mwajemi.

#31 BintiKivinje

@Ustaadh mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya mwambao, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Walikuta mchanganyiko ulioanza takriban mwaka 1000. Upande wa Asia kwa sehemu kubwa ulipita kwa wanaume, wengi wenye asili ya Uajemi. Upande wa Afrika ulipita kwa wanawake, na mara nyingi ndio ulio mkubwa zaidi. Kwa hiyo habari za Kilwa zina chembe ya kweli, lakini mtu wa Kilwa wa mwaka 1330 alikuwa na mama, nyanya na lugha ya hapa hapa. Ni wa Kilwa.

#32 Ustaadh wa Kariakoo

Utafiti huo ni wa makaburi ya watu wakubwa. Vipi kuhusu mabaharia na wavuvi?

#33 MpimaTabaka

Swali la haki hilo. Makaburi mengi yaliyopimwa ni ya karibu na misikiti na mitaa ya mawe. Lakini pia kumbuka Shanga, kule Lamu: makazi yanaanza karne ya 8, vyombo vya udongo karibu vyote vya hapa hapa, na msikiti wa kwanza wa miti mdogo tu. Mji ulikuwepo kabla ya hadithi ya Shirazi. Biashara ilikuta watu.

Kuhusu vyombo vya baharini: mabaki ya Belitung, Indonesia, yaliyogunduliwa 1998, ni chombo cha kushonwa cha karne ya 9 kilichokuwa kikirudi kutoka China na makumi ya maelfu ya bakuli. Baadhi ya mbao zake zimetambuliwa kuwa za Afzelia ya Afrika, ndugu wa mbambakofi wetu. Mbao za bara letu zilikuwa zikisafiri mpaka kule miaka 500 kabla ya Sultani al-Hasan. Sisemi nani alikuwa juu yake.

#34 Nahodha wa Songosongo

Mbambakofi haioliwi haraka na mdudu wa baharini. Waliochagua walijua kazi.

#35 Mwandani

Nyongeza, 2018 kwenye kisiwa cha Elcho, si mbali na Wessel, mtafiti Mike Hermes aliokota kishaba kilicholika ambacho kwa uzito na umbo kinafanana na cha Kilwa. Kimelika mno, maandishi hayasomeki vizuri, kwa hiyo hakijakubaliwa na wote. Lakini kikithibitika, hoja ya baharia wa HMAS Pioneer inazama. Kabati moja haliwezi kumwagika visiwa viwili.

#36 Jongoo la Bahari

Ya Mmakassar haizami. Wao walitua kote kule.

#37 Kanali Mtoro

Na Mreno pia bado yupo. Timor alikaa karne kwa karne.

#38 MpimaTabaka

@Faraji wa Masoko, kile kitambaa cha bibi kipo bado? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vyote vya kabla ya 1863, kwa hiyo visiuzwe. Lakini vikipelekwa kwa maafisa wa mambo ya kale hapo Kilwa vinaweza kupimwa uzito na mchanganyiko wa madini bila kuharibiwa. Tukiwa na vipimo vingi vya sarafu ambazo tunajua hazijawahi kuondoka Kilwa, ile ya Elcho inakuwa na kitu cha kulinganishwa nacho.

#39 Faraji wa Masoko

Kipo kwa mama mdogo. Shanga amezigawa kwa wajukuu, sarafu hakuzigusa. Nitamuomba, ila ataniuliza kwanza kama atarudishiwa. Nimjibu nini?

#40 MwanaSingino

Mwambie aombe hati ya mapokezi yenye picha za pande zote mbili na jina la bibi. Na ukipata picha tuwekee hapa, Ustaadh anasoma Kiarabu vizuri, atatusomea ni za sultani gani.

#41 Ustaadh wa Kariakoo

Leteni. Nitasoma.